Kichocho: Mgeni Asiyebisha Hodi

Mazungumzo haya niliyatoa kwa vijana wa kijiji kimoja cha Usukuma, mahali penye majaruba ya mpunga na malambo ya kunyweshea ng'ombe. Nimeyaandika hapa karibu kama nilivyoyasema, ili nawe unayesoma uwe kama umekaa nasi pale chini ya mwembe.

Nilianza kwa swali. "Nani kati yenu amewahi kukojoa damu?" Wavulana wakacheka. Mmoja akasema, "Dada, kwetu hiyo ni dalili kwamba mtu amekua, amekuwa mwanaume!" Wenzake wakampigia makofi. Wasichana wakainamisha vichwa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Tulipomaliza, msichana mmoja alibaki nyuma akijifanya anatafuta kandambili yake. Alipoona wenzake wamefika mbali, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na kama ni msichana, dada? Na damu yenyewe si ya mwezi?"

Swali lake ndilo lililonifanya niandike. Lakini siwezi kulijibu kwa neno moja. Ili uelewe kilichompata, yafaa kwanza umfahamu mgeni mmoja anayeingia mwilini bila kubisha hodi, akaishi ndani ya damu miaka na miaka, na mwenye nyumba asijue. Anawezaje? Hiyo ndiyo habari yetu ya leo.

MGENI HUYU NI NANI?

Ni mnyoo wa kichocho. Wengine huuita ugonjwa huu bilhazia, kwa sababu mnyoo wake uligunduliwa mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, alipokuwa akifanya kazi hospitalini mjini Cairo, Misri.

Kwetu Tanzania tunazo aina mbili. Kuna kichocho cha kibofu, ambacho dalili yake kubwa ni mkojo wenye damu. Hiki ndicho cha majaruba, malambo na madimbwi, na ndicho kilichopo Unguja na Pemba. Halafu kuna kichocho cha tumbo, kinachopatikana sana pembezoni mwa Ziwa Viktoria, ambacho huumiza utumbo na ini.

Safari ya mnyoo ni hii. Mtu mgonjwa anakojoa au kujisaidia majini. Mayai yaliyomo yanaanguliwa, na vinatoka vijidudu vinavyoogelea kumtafuta konokono. Si konokono yeyote, bali wale wadogo wa maji baridi. Ndani ya konokono mmoja, kijidudu kimoja kinazaliana mpaka kuwa maelfu. Kisha wanatoka majini wakiwa na umbo jipya, wenye mkia uliogawanyika mwishoni kama panda ya manati. Hawa huitwa sekaria. Ni wadogo mno, huwezi kuwaona ukichota maji kwa mkono. Hutoka kwa wingi mchana kukiwa na jua, hasa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Na saa hizo nani yuko majini? Ni wewe! Unaogelea, unafua, unapanda mpunga au unavua samaki.

KWANZA TUELEWANE: KIMENG'ENYA NI NINI?

Hapa nataka tupate neno moja tu la sayansi, kwa sababu bila neno hili hutamwelewa mgeni wetu. Neno lenyewe ni kimeng'enya. Wingi wake, vimeng'enya.

Hebu tafuna kipande cha ugali, usikimeze. Kitafune dakika nzima. Utaona kinaanza kuwa kitamu, kama kuna sukari kidogo. Sukari imetoka wapi? Katika mate yako kuna kimeng'enya kinachokata wanga vipande vipande, na vipande hivyo vina ladha tamu.

Mfano wa pili uko jikoni. Mama akiwa na nyama ngumu, anaipaka papai bichi au kuifunga kwa majani ya mpapai. Baada ya muda nyama inalainika. Kwa nini? Utomvu wa mpapai una kimeng'enya kinachokata protini, yaani zile nyuzi zinazoifanya nyama iwe ngumu.

Basi, kimeng'enya ni fundi mdogo sana mwenye kazi moja. Huyu anakata wanga, yule anakata protini, mwingine anakata kitu kingine. Sisi tunavyo, mimea inavyo, na wadudu wanavyo. Kumbe hata mnyoo wa kichocho anavyo! Na yeye anavitumia dhidi yetu.

HATUA YA KWANZA: ANATOBOA NGOZI

Umeingia kwenye jaruba. Sekaria anaogelea karibu na mguu wako. Ngozi yako ina mafuta ya asili, na yeye anayatambua mafuta yale. Akiyagusa tu anajua amefika.

Sasa, ngozi si karatasi. Chembe zake zimeshikana vizuri, na chini yake kuna nyuzi za protini zinazoifanya ivutike na kurudi. Moja ya protini hizo ni elastini, ambayo ni kama mpira. Sekaria hana meno wala kucha. Lakini upande wa kichwa ana tezi zilizojaa vimeng'enya, na kimojawapo kinaitwa elastesi, fundi wa kukata elastini na protini nyingine za ngozi. Anazimwaga tezi hizo, anasukuma kwa mkia, na ngozi iliyo mbele yake inalainika kama nyama iliyopakwa papai. Anapenya. Kazi nzima ni ya dakika chache tu! Mkia anauacha nje.

Huenda usisikie kitu. Pengine utawashwa kidogo na kutoka vipele, ukasema ni nyasi au mbu. Ukaenda zako nyumbani.

Ndiyo maana nawaambia vijana kwamba kujifuta haraka ukitoka majini si kinga ya kutegemea. Huyu hangoji ukauke.

HATUA YA PILI: ANAZIMA YOWE

Akishaingia, anabadilisha vazi. Ngozi ile ya majini anaiacha, na ndani ya saa chache anatengeneza ngozi mpya ya kuishi kwenye damu. Anapita kwenye mapafu, anafika kwenye ini, anakua. Dume na jike wanakutana, dume anamkumbatia jike ndani ya mfereji ulio katika mwili wake, na wanakwenda kukaa kwenye mishipa midogo ya damu, karibu na kibofu au utumbo kulingana na aina yao. Huchukua wiki kadhaa. Hapo wana urefu wa kama sentimita 1 au 2, na wanaweza kuishi miaka 3 mpaka 10, wengine hata zaidi ya 30!

Hebu fikiri. Damu yako ina askari, yaani chembe nyeupe, wanaozunguka usiku na mchana kutafuta adui. Mnyoo wa sentimita nzima amekaa katikati ya njia yao. Askari wanampitaje miaka kumi bila kumkamata?

Sehemu ya jibu ni kwamba anajipaka vitu vya mwili wako. Anachukua chembechembe za damu yako, hata zile alama za kundi lako la damu, anazivaa juu ya ngozi yake. Askari akimwangalia anaona kama ni mwenyeji.

Lakini kuna ujanja mwingine, na huo ndio unaonishangaza mimi. Uko kwenye vimeng'enya vilivyopandwa juu ya ngozi yake, vikiwa vinaelekea nje, kwenye damu yako.

Kwenye kijiji chenu, mwizi akivunja nyumba watu hufanya nini? Wanapiga yowe. Sungusungu wanasikia, wanakuja mbio na filimbi zao. Mwili nao una yowe lake. Kila chembe hai ina kitu kinachoitwa ATP, ambacho ni kama mafuta ya taa ya kuendeshea kazi zake. Kikawaida ATP hukaa ndani ya chembe. Chembe ikiumizwa, ATP inamwagika nje. Askari wa mwili wakiikuta ATP nje wanajua kuna jambo: "Hapa kuna aliyeumia! Njooni!" Hilo ndilo yowe.

Mnyoo anaposukumana na kuta za mishipa yako, anaumiza chembe, na ATP inamwagika. Lakini haifiki mbali. Juu ya ngozi yake kuna kimeng'enya kinachoikata. ATP ina mkia wa fosfeti tatu. Kimeng'enya kinakata fosfeti ya kwanza, inabaki ADP. Kinakata ya pili, inabaki AMP. Kisha kimeng'enya kingine, jirani yake, kinakata fosfeti ya mwisho, na kinachobaki ni adenosini. Na adenosini, ndugu yangu, kazi yake mwilini ni kuwatuliza askari! Yaani mwizi hakuziba tu mdomo wa anayepiga yowe. Amechukua lile yowe lenyewe akaligeuza kuwa "Lalani, hakuna neno."

Si hivyo tu. ADP, ile ya katikati, nayo ina kazi yake. Inaziita chembe sahani, zile zinazogandisha damu unapojikata. Kama ADP ingebaki, damu ingeganda kumzunguka mnyoo na kumfungia njia. Lakini yeye anaikata ADP pia, damu inaendelea kupita laini, naye anaendelea kula.

Je, ni kweli anavihitaji vimeng'enya hivi? Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha jaribio lao. Walichukua minyoo michanga ya kichocho, wakazima maagizo ya kutengeneza kimeng'enya kimoja tu cha juu ya ngozi. Baadaye kimeng'enya hicho kilionekana ni mmoja wa mafundi wa kukata ADP. Minyoo ile walipoiingiza kwenye panya, ilishindwa kujijenga kama minyoo ya kawaida. Fundi mmoja akikosekana, mgeni anashindwa kukaa!

Hapo ndipo lilipo neno langu kubwa la leo, na naomba ulishike: KIMYA SI UZIMA. Tumezoea kusema, "Siumwi popote, niende hospitali kufanya nini?" Kwa magonjwa mengine huenda ukawa na haki. Kwa kichocho unajidanganya, maana mgeni huyu kazi yake ni kuzima yowe. Ukingoja mwili ukuambie, unamngoja mlinzi aliyelishwa dawa ya usingizi.

SASA NANI ANATUUMIZA?

Utaniuliza, "Dada, kama mnyoo ametulia na mwili umetulia, shida iko wapi?" Swali zuri. Shida ni mayai.

Jike hutaga mayai mengi kila siku. Mayai nayo yanamwaga vimeng'enya vyake, yakitafuta njia ya kupenya kuta za kibofu au utumbo ili yatoke nje na mkojo au choo. Yakipenya, damu inatoka. Ndiyo ile damu ya wavulana wetu! Si ukubwa, si uanaume. Ni kidonda. Mwanaume hana mwezi.

Tena mayai mengi, karibu nusu, hayatoki. Yanakwama ndani ya mwili. Wazazi wao wanajua kuzima yowe, lakini mayai yaliyokwama hayaachwi hivihivi. Askari wanayazunguka, wanapigana nayo, panavimba, panabaki kovu. Kovu juu ya kovu, mwaka baada ya mwaka. Kichocho cha kibofu kinaweza kuziba njia ya mkojo, kuharibu figo, na baada ya miaka mingi kuleta saratani ya kibofu. Kichocho cha tumbo kinaweza kuvimbisha ini na bandama, na mtu akatapika damu. Mtoto hudumaa, huishiwa damu, darasani anasinzia, na mwalimu anasema ni mvivu.

NA KAMA NI MSICHANA?

Sasa narudi kwa yule mwenzetu aliyebaki chini ya mwembe.

Mishipa ya damu ya kibofu na ya viungo vya uzazi vya mwanamke ni majirani. Mayai ya kichocho cha kibofu hukwama pia kwenye mlango wa kizazi na ukeni. Hapo yanaleta vidonda, muwasho, uchafu, maumivu na kutokwa damu ambayo si ya mwezi. Kwa wengine huleta ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake na wasichana milioni 56 wanacho kichocho cha aina hii, wengi wao hapa Afrika.

Dalili zake zinafanana na za magonjwa ya zinaa. Hapo ndipo msichana anapopata shida mara mbili. Yule mwenzetu alikuwa ameshakwenda mahali kutibiwa, akapewa dawa za magonjwa ya zinaa mara mbili, hakupona. Nyumbani akaitwa malaya. Alikuwa hajawahi kulala na mwanaume. Kosa lake lilikuwa kusimama kwenye jaruba la baba yake akipanda mpunga!

Kuna jambo lingine zito. Pale penye kidonda, virusi vya UKIMWI hupata mlango. Utafiti uliofanywa Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2006 uliona kwamba wanawake wenye kichocho cha sehemu za uzazi walikuwa na uwezekano wa karibu mara 3 wa kukutwa na virusi hivyo kuliko wasio nacho. Kwa hiyo mkisikia watu wanasema "kichocho ni ugonjwa wa watoto," waambieni hawajui wanachosema.

Tulikwenda naye hospitali ya wilaya. Aliandamana na shangazi yake, nami nikawa pembeni. Mkojo ulipowekwa kwenye hadubini, yai likaonekana, lina mwiba wake mwishoni kama inavyochorwa vitabuni. Shangazi aliangalia, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe tulimwonea mtoto." Sijasahau maneno yale.

DAWA INAFANYAJE KAZI?

Habari njema, vijana, ni kwamba dawa ipo. Inaitwa prazikwanteli. Ni vidonge, na hupimwa kwa uzito wako, au kwa fimbo maalumu inayopima kimo. Mara nyingi humezwa kwa siku moja.

Na hapa utaona kwa nini nilikuchosha na habari ya ngozi ya mnyoo. Dawa hii inamfanya mnyoo akakamae, na inaichana ngozi yake ya nje. Ngozi ikichanika, vile alivyovificha vinaonekana. Askari wako, waliokuwa wakimpita kila siku, sasa wanamtambua, na wao ndio wanaosaidia kummaliza. Dawa inamvua vazi, mwili unamalizia kazi.

Ila ina mipaka yake. Haiwaui vizuri minyoo wachanga wa wiki za mwanzo. Tena haikukingi, ukirudi kwenye maji yaleyale kesho, unaambukizwa tena. Na kwa wasichana, dawa inaua minyoo lakini makovu yaliyokwisha kujengeka yanaweza yasiondoke. Ndiyo maana tunasema wahi.

Wanasayansi pia wanatafuta chanjo. Mojawapo imetengenezwa kutokana na kalpaini, ambayo ni kimeng'enya kingine kinachokaa kwenye ngozi ya mnyoo. Wazo lao ni kuwafundisha askari wa mwili kukitambua kile anachojisaidia nacho. Imeshaanza kujaribiwa kwa watu, lakini bado haijafika kwenye zahanati zetu. Kwa hiyo usingoje chanjo.

MAMBO YA KUFANYA

1. Kapime. Kwa kichocho cha kibofu peleka mkojo kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa sababu mayai hutoka kwa wingi saa hizo. Kwa kichocho cha tumbo peleka choo. Kama wewe ni msichana mwenye dalili nilizotaja, mwambie mhudumu waziwazi: "Naomba mfikirie kichocho pia." Mkojo usipokuwa na mayai haimaanishi huna, omba uchunguzwe zaidi.

2. Meza dawa zikija. Shuleni hutolewa kwa wanafunzi. Wewe uliyemaliza darasa la saba, uliyeko ziwani au jarubani, umesahaulika? Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba penye kichocho kingi dawa itolewe kwa kila mtu kuanzia miaka 2, wakiwemo watu wazima. Basi uliza zahanati. Ulizeni mkiwa kikundi.

3. Usikojoe wala kujisaidia majini. Mkojo wako wa leo ni ugonjwa wa mdogo wako kesho. Tumia choo.

4. Maji ya kuoga yachote, yaweke kwenye chombo siku 2 kabla ya kuyatumia, ila yasiwe na konokono. Sekaria hawaishi muda mrefu bila kumpata mtu. Au yachemshe.

5. Kama lazima uingie jarubani, vaa mabuti ya mpira ukiweza. Najua bei yake, na najua mpunga haungoji. Usipoweza, basi kupima na kumeza dawa kila zinapotolewa ndiyo ngao yako.

MASWALI NILIYOULIZWA

"Kichocho kinaambukizwa kwa kujamiiana?"
Hapana. Wala kwa kula pamoja, wala kwa kushikana mikono. Kinaingia kwa kugusa maji yenye sekaria, basi.

"Nilimeza dawa mwaka jana. Kwa nini tena?"
Kwa sababu mwaka huu uliingia majini tena. Dawa ilifukuza wageni wa mwaka jana. Wa mwaka huu bado.

"Nasikia vidonge hivyo vinaondoa uzazi?"
Huo ni uvumi. Kinachoweza kuondoa uzazi ni kichocho chenyewe kikiachwa. Vidonge vinaweza kukuletea kichefuchefu, kizunguzungu au tumbo kuuma kwa muda mfupi, hasa mwenye minyoo mingi. Kula kwanza, ndipo umeze.

"Kwa nini tusiue konokono wote tukamaliza?"
Dawa za konokono zipo na zinasaidia, lakini peke yake hazitoshi. Unguja na Pemba, kati ya mwaka 2011 na 2017, walijaribu kutoa dawa kwa watu mara mbili kwa mwaka, na sehemu nyingine wakaongeza kuua konokono au elimu ya kubadili tabia. Kichocho kilipungua sana, lakini hakikwisha kabisa. Hivyo tunahitaji vyote pamoja: dawa, vyoo, maji safi na sisi wenyewe.

NENO LA MWISHO

Niliporudi kijijini kwa mara ya pili niliuliza swali lilelile: "Nani amewahi kukojoa damu?" Safari hii hakuna aliyecheka. Yule kijana wa "mtu amekua" ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Akafuata mwingine, na mwingine. Kisha upande wa wasichana, mkono mmoja ukapanda taratibu. Unajua ni wa nani.

Mnyoo huyu anaishi kwa sababu anajua kunyamazisha. Ananyamazisha ngozi, ananyamazisha damu. Sisi tukinyamaza pia, kwa aibu au kwa kucheka, tunamsaidia kazi. Kwa hiyo ukiona damu, sema. Mwenzako akikuambia, usimcheke, mpeleke akapime. Hilo ndilo yowe ambalo kimeng'enya hakiwezi kulikata.

Haya, tuonane tena. Afya njema!

YA KUJADILI KWENYE KLABU YENU

1. Ni mahali gani kijijini au mtaani kwenu ambapo watu hugusa maji kila siku? Ni kina nani, na saa ngapi?
2. Mfanye nini ili vijana wasio shuleni nao wapate dawa?
3. Igizeni: msichana anatokwa na damu isiyo ya mwezi, familia inamtuhumu. Nani atasema nini?